Ufukwe wa Coco, Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wakazi wa Dar es Salaam na wageni wao huyarudia kila wanapopanga kwenda Coco Beach. Mengi huulizwa kuhusu chakula na nauli, lakini lililo muhimu kuliko yote, yaani maji yatakuwa wapi siku hiyo, huulizwa na wachache. Kwa sababu hiyo sehemu ya maji ndiyo ndefu kuliko nyingine. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kurejelea jingine.

## Mambo ya msingi

1. Ufukwe wa Coco uko wapi hasa, na uko chini ya nani?

Uko Oysterbay, upande wa mashariki wa rasi ya Msasani, kandokando ya Barabara ya Toure, katika Manispaa ya Kinondoni. Unatazama bahari kuu ya Hindi moja kwa moja, tofauti na fukwe za upande wa pili wa rasi ambazo zimekingwa na ghuba ya Msasani. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mambo mengi yatakayoelezwa hapa chini, kuanzia ukubwa wa mawimbi hadi wingi wa mwani. Usimamizi wa eneo, pamoja na vibanda vya biashara na usafi, ni kazi ya Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni.

2. Je, kuna kiingilio?

Hapana. Ni ufukwe wa umma na mtu yeyote anaingia bure, awe amekuja kununua kitu au kukaa tu mchangani. Gharama unazoweza kukutana nazo ni za maegesho, vyoo, kukodi viti, na chakula. Mtu akikudai pesa kwa sababu tu umetandika mkeka wako mchangani, una haki ya kumuuliza anadai kwa kibali gani.

3. Nitafikaje bila gari binafsi?

Kutoka Posta au Kariakoo, panda daladala za Masaki, kisha shuka maeneo ya Oysterbay na umalizie kwa miguu, bajaji au bodaboda. Wanaotoka Mwenge au Ubungo huona ni rahisi zaidi kufika kwanza Morocco, halafu kutafuta usafiri wa kwenda Oysterbay au Masaki. Kurudi ndiko kwenye taabu: Jumapili jioni watu huondoka kwa mkupuo, bei za bajaji hupanda, na Barabara ya Toure hujaa magari. Ukiweza, ondoka kabla ya magharibi au subiri hadi baada ya saa 2 usiku.

4. Ni saa ngapi nzuri kuona jua likizama baharini?

Hakuna saa hiyo, kwa kuwa jua halizami upande huo. Ufukwe wa Coco unatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini kiasi cha saa 12 asubuhi au baadaye kidogo, kutegemea msimu, na jioni huzama nyuma yako, upande wa majumba. Mwanga wa jioni juu ya maji hupendeza, lakini anayetaka kuliona jua lenyewe likishuka juu ya maji avuke upande wa magharibi wa rasi, kwenye ghuba ya Msasani. Kwa upande wa Coco, alfajiri ndiyo yenye thamani, na kwa bahati nzuri wakati huo watu ni wachache.

## Maji: kujaa, kupwa na usalama

5. Kwa nini mara nyingine bahari iko mbali kabisa, na mara nyingine imefika hadi kwenye miti?

Kwa sababu pwani ya Dar es Salaam hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na tofauti kati ya hali hizo mbili si ndogo. Katika siku za bamvua (swali la 6) kimo cha maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo kama huu, mita 3 za kimo humaanisha makumi ya mita za mchanga na mwamba zinazofunikwa na kufunuliwa. Ndiyo maana watu wawili waliofika siku mbili tofauti husimulia fukwe mbili tofauti, na wote wakawa wakweli.

Kutoka maji kujaa hadi kupwa huchukua saa 6 na dakika chache. Familia iliyotandika mkeka karibu na maji saa 7 mchana inaweza kulazimika kuhama kabla ya saa 9, tena kwa haraka, sufuria ya pilau ikiwa mkononi.

6. Bamvua na maji mafu ni nini?

Bamvua ni vile vipindi vya mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kukupwa sana. Mwezi, dunia na jua huwa vimejipanga karibu katika mstari mmoja, na mvuto wa jua huongeza nguvu ya mvuto wa mwezi. Maji mafu ni kinyume chake: mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kutoka pande zilizoachana, na tofauti ya kimo hushuka hadi kiasi cha mita 1 tu. Siku za maji mafu bahari huonekana kama haijaamua kuja wala kuondoka.

Kwa mwenye kutaka kutembea juu ya mwamba na kutazama viumbe (swali la 15), bamvua ndiyo siku yake. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kuchezea maji bila mabadiliko makubwa atafute maji mafu.

7. Nitajuaje saa ya maji kujaa bila kuwa na jedwali?

Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam linapatikana kwenye intaneti, na ndilo la kutegemea. Lakini zipo hesabu za wavuvi ambazo kila mkazi wa pwani angefaa kuzijua, na zinahitaji kalenda yenye tarehe za Kiislamu tu, ile inayoning'inia kwenye kuta za nyumba nyingi za Dar es Salaam.

Katika siku za mwezi mwandamo, maji ya Dar es Salaam hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Kwa mfano, mwezi 5, yaani siku ya tano ya mwezi wa Kiislamu, zimepita siku 4, sawa na dakika 200, hivyo maji ya jioni yatajaa kiasi cha saa 1 na dakika 20 usiku, na yatakuwa yamekupwa kiasi cha saa 7 mchana. Ikifika mwezi 8 au 9, ambazo ni siku za maji mafu, maji hujaa kabla ya adhuhuri. Mwezi 15 unarudi ulikoanzia, na hesabu inaanza upya. Njia hii inaweza kukosea kwa nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo itumie kupanga siku na wala usiitegemee kukadiria usalama wa mtu aliye majini.

8. Kwa nini Idi el-Fitri maji hujaa jioni, wakati watu ndio wamefurika?

Si sadfa. Idi el-Fitri huangukia mwezi mosi Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani), yaani mwezi ukiwa umeandama tu, na hizo ni siku za bamvua. Kwa hesabu ya swali la 7, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Huo ndio wakati ambao watoto wamekwisha kula, wamevaa nguo mpya, wamepewa pesa za sikukuu na wameletwa ufukweni kwa mamia. Asubuhi ya siku hiyohiyo mchanga ulikuwa mpana na vidimbwi vilikuwa vya magotini. Kijana aliyefika saa 4 akayaona maji hayo ya magotini, akarudi pale pale saa 10, atakuta maji yanayompita kichwa.

Idi ya Kuchinja ni tofauti, kwa kuwa huangukia mwezi 10 Mfungo Tatu, karibu na maji mafu. Siku hiyo maji hujaa mchana na kupanda kwake ni kwa kiasi. Krismasi na Mwaka Mpya hufuata kalenda ya jua, hivyo kila mwaka huwa na maji yake na hapana budi kutazama jedwali.

Kwa maoni yetu, wanaosimamia ufukwe wangeweza kubandika saa za maji kwenye ubao mmoja mkubwa pale watu wanapoingilia, hasa wiki za sikukuu. Gharama yake ni chaki na mtu wa kuandika.

9. Je, ufukwe wa Coco ni mzuri kwa kuogelea?

Kwa kuogelea hasa, ni wa wastani. Sehemu kubwa ya sakafu yake ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye mashimo na kingo kali, na chaza walioganda juu yake hukata nyayo. Maji yakikupwa hakuna kina cha kuogelea, na yakijaa mwamba huo hauonekani tena, ila upo. Wakati unaofaa zaidi ni saa mbili hivi kabla na baada ya maji kujaa, katika siku zisizo na upepo mkali, mahali ambapo umeona kwa macho yako kuwa chini ni mchanga.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari huwa tulivu zaidi na maji hung'aa. Kusi ikianza, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au zaidi, upepo huyasukuma mawimbi moja kwa moja hadi ufukweni. Usidhani kuna mwokoaji anayekutazama kila saa. Jichukulie kuwa wewe na wenzako ndio waokoaji.

10. Nifanye nini nikivutwa na mkondo?

Mkondo wa kurudi baharini hautokuzamisha wenyewe. Kinachozamisha ni kuchoka kwa kupigana nao. Usijaribu kurudi ufukweni kwa njia iliyokupeleka. Ogelea sambamba na ufukwe, kulia au kushoto, mpaka uhisi mvuto umelegea, ndipo ugeuke kuelekea nchi kavu pamoja na mawimbi. Ukishindwa kuogelea, elea chali na uinue mkono mmoja.

Walio ufukweni wasimfuate mtu mikono mitupu, kwani mara nyingi anayeokoa hugeuka kuwa wa pili wa kuokolewa. Mrushieni tyubu ya tairi, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na polisi kwa 112.

11. Ninakuja na watoto. Nizingatie nini zaidi?

Kubalianeni tangu mwanzo ni mtu mzima yupi anayetazama watoto, kwa zamu, bila simu mkononi. Penye watu wazima sita waliokaa duara, kila mmoja huamini kuwa mwenzake anatazama. Tyubu za kukodi huwapa watoto ujasiri wasiostahili: zinaelea vizuri, na upepo unaotoka nchi kavu huzisukuma nje. Mtoto awe kwenye maji yasiyozidi kiuno chake, tyubu iwe na mtu mzima anayeishika. Kuhusu saa, rudia swali la 7 na la 8.

## Historia na umiliki

12. Eneo hili lilikuwa nini zamani?

Kabla ya mji wenyewe, rasi hii ilikuwa ya wavuvi na wakulima; kijiji cha Msasani ni cha zamani, na makaburi yake ya mawe yenye nguzo ni ushahidi wa kuwapo kwa Waislamu wa pwani karne kadhaa zilizopita. Upande wa pili wa mkono wa bahari wa Msimbazi kilikuwapo kijiji cha Mzizima. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam karibu na hapo katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Waingereza ndio walioifanya Oysterbay iwe Oysterbay. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi katikati ya mji penye maduka, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Daraja la Salenda lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 likafungua njia ya kaskazini, na viwanja vikubwa vya Oysterbay vikapangwa kwa ajili ya maofisa wa Kizungu, walioutaka upepo wa bahari na nafasi. Anayeona leo nyumba zilizorudi nyuma katikati ya bustani pana, miti mikubwa na barabara zenye mizunguko, anaona mpango huo.

Baada ya Uhuru wa 1961 nyumba nyingi zikawa za viongozi, watumishi wa serikali na mabalozi, lakini ufukwe ukafunguka kwa watu wa Manzese, Temeke na Buguruni. Jumapili ya leo pale Coco, ambapo mwenye gari la kifahari na aliyekuja kwa daladala wananunua mihogo kwa mtu mmoja, ingekuwa kioja katika miaka ya 1940.

13. Nimesikia ufukwe umeuzwa. Ni kweli?

Swali hili hurudi kila baada ya miaka michache, na lina asili yake. Kwa muda mrefu kulikuwa na mvutano, uliofika mahakamani, juu ya mpango wa kumkabidhi mwekezaji binafsi sehemu ya eneo hili ajenge, na wakazi wengi walipaza sauti kuupinga. Ufukwe umebaki wazi kwa umma, na maboresho yaliyofuata, ya vibanda vya kudumu na maegesho, yamefanywa chini ya manispaa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa, pale zinapoweza kuathiri mazingira hayo. Kwa hiyo hata mwenye hati ya kiwanja kinachotazama bahari hana ruhusa ya kujiamulia tu kujenga ukuta hadi majini. Hilo linafaa kukumbukwa si Coco peke yake, maana zipo sehemu za Kunduchi, Mbezi na Kigamboni ambako mtu hutembea mwendo mrefu akitafuta uchochoro wa kufikia bahari.

14. Daraja la Tanzanite limeleta mabadiliko gani?

Daraja hilo, lenye urefu wa takriban kilomita 1 na lililozinduliwa mwaka 2022, linapita juu ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Oysterbay, likipunguza foleni iliyokuwa ikikwama Salenda. Kwa ufukwe, lilileta watu zaidi na kwa haraka zaidi. Njia zake za waenda kwa miguu zimekuwa mahali pa matembezi ya jioni, na kutoka hapo mtu huona vizuri mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi upande wa nchi kavu.

## Viumbe, mimea na usafi

15. Ni nini cha kutazama maji yakikupwa?

Njoo siku ya bamvua, kiasi cha saa 3 asubuhi, uyafuate maji yanavyotoka. Vaa viatu vya mpira vilivyofungwa. Ndara huteleza na kukwama kwenye mashimo. Mwamba unaoukanyaga ni matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko leo. Ukiinama utaona alama zake bado: mistari na vishimo vya nyota vilivyogeuka jiwe.

Vidimbwi vinavyobaki ndiyo utamu wenyewe. Tulia kando ya kimoja bila kuweka kivuli chako juu yake, na baada ya dakika chache samaki wadogo wenye milia watatoka chini ya mwamba, kaa atasogea kwa ubavu, na koa aliyekuwa akionekana kama kokoto ataanza kujikokota. Kiti cha pweza, kiumbe chenye umbo la nyota, hukaa kwenye mchanga wenye maji, na jongoo bahari hulala humo bila haraka yoyote. Mashimo meusi yachunguze kwa macho tu, usitie mkono, kwani humo hukaa viumbe wenye miiba mirefu inayovunjikia mwilini. Utawaona pia watu wakitafuta pweza kwa fimbo. Wanafanya kazi, wapishe.

Maji yakianza kurudi, rudi nayo. Yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, na mtu aliyezama katika kutazama hujikuta kisiwani.

16. Miti iliyopo ni ipi?

Zaidi ni minazi, mivinje yenye majani membamba yanayovuma kwa upepo, na mikungu yenye kivuli kipana. Mwenye kupenda mikoko aende Salenda, ambako mchu na mlilana husimama kwenye tope la Msimbazi.

17. Kunguru hawa wanatoka wapi, na kwa nini ni wengi hivi?

Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Ni ndege wa Bara Hindi walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka hadi bara na kuenea katika miji ya pwani. Hula chochote, pamoja na mayai na makinda ya ndege wengine, na kila mji unaoacha taka wazi huwafuga bila kujua. Kumekuwa na kampeni za kuwapunguza kwa mitego na sumu. Hupungua, kisha hurudi. Ufukweni shida yao ni ya papo hapo: mshikaki uliouacha kwenye sahani ukageuka kumjibu mtu hautaukuta.

18. Kwa nini wakati mwingine ufukwe hunuka na kujaa majani meusi?

Huo ni mwani na majani ya bahari yaliyong'olewa na mawimbi ya kusi. Yakioza juani hutoa harufu, lakini si uchafu wa mji. Ni chakula cha kaa na hushikilia mchanga usichukuliwe na maji. Kinachopaswa kuondolewa ni chupa na vipande vya plastiki vilivyonaswa ndani yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kupungua kwake ufukweni kunaonekana. Chupa za maji ndizo zilizobaki.

19. Je, maji ni safi kwa kuoga?

Siku za kiangazi, kwa kawaida huwa ya kuridhisha. Baada ya mvua kubwa za masika au vuli, jizuie kwa siku kadhaa. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya mji ukibeba maji ya mitaro, vyoo na viwanda, na kumwagika karibu na Salenda, si mbali na hapa. Ukiona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, tazama tu usiingie, hasa kama una kidonda.

## Chakula, michezo na mavazi

20. Mihogo ya Coco ina nini cha pekee?

Muhogo ni uleule wa sokoni. Upekee uko katika namna ya kuuandaa. Hukaangwa kwenye mafuta mengi hadi ngozi ya nje ikauke na ndani ubaki laini. Muuzaji huupasua katikati bila kuutenganisha, hutia chumvi na pilipili, kisha humimina chachandu au ukwaju ndani ya ufa huo na kuweka kachumbari juu. Omba uliotoka kwenye mafuta sasa hivi, hata kama itabidi ungoje; muhogo uliopoa hugeuka mgumu na huwezi kuufufua. Mishikaki, chipsi, pweza na madafu pia vipo. Uliza bei kabla ya kuagiza, hasa pale usipoona bei zimeandikwa.

21. Michezo gani hufanyika?

Mbio za asubuhi, mazoezi ya viungo kwa vikundi, mpira wa miguu na wavu mchangani. Mpira huchezwa vizuri zaidi maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa mchanga uliolowa huwa mgumu.

22. Ni mavazi gani yanayokubalika?

Hakuna sare. Wapo wanaoogelea kwa suti za kuogelea, wapo wanaoingia na kanga au dera, na wengi wa vijana huvaa kaptula na fulana. Nguo ndefu zikilowa huwa nzito, kwa hiyo anayevaa dera asiende kina kirefu. Ukitoka majini kwenda kununua chakula, jifunge kanga. Ni adabu ya kawaida ya mji huu.

## Maswali ya pembeni

23. Nataka maji safi zaidi na mchanga mweupe bila kwenda Zanzibar. Niende wapi?

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyo chini ya hifadhi za bahari za Dar es Salaam tangu 1975. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, na za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi. Huko kuna kiingilio cha hifadhi pamoja na nauli ya boti. Ukiwa huko usisahau bamvua (swali la 6), kwani huamua boti itakushushia mchangani au utatembea majini na begi kichwani.

24. Mwenzangu hapendi jua wala chumvi. Kuna bustani ya kivuli?

Ipo Bustani ya Mimea katikati ya mji, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kama shamba la kujaribia mazao ya biashara, chini ya Franz Stuhlmann, na leo ni mahali pa kukaa kimya chini ya miti mikubwa, tausi wakipita. Watu wengi wa Dar es Salaam wamepita nje ya uzio wake miaka nenda rudi bila kuingia.

25. Je, kuna hatari ya tsunami au kimbunga?

Ni nadra, lakini yote mawili yamekwisha kutokea. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyotokana na tetemeko karibu na Sumatra, ilifika Dar es Salaam baada ya saa kadhaa na kuua watu waliokuwa wakiogelea. Mnamo Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani yetu na safari za majini zikasimamishwa. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Na ukijua saa za maji (swali la 7) una kinga ya ziada: bahari ikikimbia ghafla katika saa isiyo ya kukupwa, usiende kuokota samaki, panda juu.

26. Ninaweza kufanya harusi, kupiga picha za biashara au kurusha droni?

Picha za familia hazihitaji kibali. Shughuli yenye mahema, muziki mkubwa au eneo la kujitengea huombewa manispaa mapema. Droni ina taratibu zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na eneo hili lina makazi ya mabalozi, hivyo usiirushe kwa kubahatisha.

27. Ninaweza kuchukua makombe na vipande vya matumbawe?

Kombe tupu moja la mtoto halina kesi. Matumbawe, na makombe yenye mnyama ndani, yaache. Makombe makubwa mazuri unayoona yakiuzwa mara nyingi hayakuokotwa ufukweni. Yalitolewa baharini, wanyama wenyewe wakiwa hai. Ndani ya hifadhi za swali la 23, kuchukua chochote ni kosa.

28. Mzazi wangu anatumia kiti cha magurudumu. Atafika majini?

Kwenye mchanga mkavu, hapana, magurudumu huzama. Njoo maji yakiwa yanakupwa, mtafute mahali ambapo ukanda wa mchanga mkavu ni mwembamba, mumvushe ukanda huo kwa kuburuta kiti kinyumenyume, watu wawili wakishika nyuma. Mkifika kwenye mchanga uliolowa kiti kitakwenda chenyewe hadi ukingoni. Wekeni saa ya kurudi kwa hesabu ya swali la 7, na mpange mtu wa tatu wa kusaidia wakati wa kupanda, maana kupanda ni kuzito kuliko kushuka.